Dawa ya Warigia Haigawanywi

Sokoni Karatina kulikuwa na mwanamke ambaye ukimkoholea alikwambia usimame mbali, na hakuwa anatania. Jina lake Warigia, mke wa Gicheru, muuza kabichi na karoti upande wa kuelekea reli. Ukimjia na mafua ukanyoosha mkono kumsalimia, wake ulibaki ndani ya leso. "Salamu nimepokea," alisema. "Mkono kaa nao."

Watu walichukia, na kwa nini wasichukie? Huku kwetu mlimani kumnyima mtu mkono ni kumtangazia vita. Ikasemwa anajidai, ikasemwa anajiona mzungu. Nyumba ikipata surua yeye hakuingia kutoa pole. Alifika mpaka kwenye ua, akatua kikapu cha viazi, akaita jina la mwenye nyumba na kuondoka zake. Wakasema hana utu. Warigia alivunja majani ya nje ya kabichi zake, akazipanga, akangoja wanunue. Nao walinunua, kwa maana kabichi zilikuwa nzuri na kununa hakushibishi mtoto.

Sasa ngoja nikupe habari yenyewe, maana walioisimulia sana ndio walioielewa kidogo.

Miaka michache kabla ya ule mwaka wa kahawa, ule ambao bei ilipanda mpaka wazee wakanunua redio mpya kabla ya ile ya zamani kuharibika, Warigia alitokwa na malengelenge. Yalianza mdomoni. Akashindwa kumeza uji. Kisha yakashuka kifuani na mgongoni, yakipasuka yanaacha nyama mbichi, na shuka ikimgandia usiku, asubuhi inatoka na ngozi. Wengine walisema ni laana. Wengine walisema inaambukiza, wakahamisha mikeka yao ya sokoni mbali na wake. Alikonda akabaki macho. Aliyemwosha siku hizo alikuwa wifi yake Magdaline, dada mkubwa wa Gicheru, mjane aliyeishi ng'ambo ya mto. Alimwosha kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini bila kukunja pua, na hilo Warigia hakulisahau.

Hospitalini Nyeri alikuja daktari wa ngozi kutoka Nairobi. Alimtazama mdomoni, akamtazama mgongoni, akaketi.

"Mama, mwili wako uko na askari wa kuulinda," akamwambia. "Sasa wamechanganyikiwa. Wanapiga nyumba yao wenyewe."

Warigia, aliyelelewa katika kijiji kilichozungushiwa handaki wakati wa Hali ya Hatari, enzi za mkoloni, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Askari wanaopiga watu wa nyumbani alikuwa amewaona kwa macho yake.

"Utawafanya nini?"

"Nitawalaza, kwa dawa."

"Na wakilala, nani atalinda mlango?"

"Wewe," akasema.

Dawa iliitwa prednisolone, vidonge vidogo vyeupe ambavyo ungedhani ni vya kuumwa na kichwa. Kabla ya kupewa hata kimoja alipigwa picha ya kifua, kwa sababu kifua kikuu kikiwa kimejificha ndani ya mtu, dawa hiyo inakifungulia. Akaambiwa ale kwanza ndipo ameze. Akipata homa asingoje kesho. Akae mbali na wenye surua na tetekuwanga na vikohozi visivyoisha. Yeyote atakayemtibu, hata wa kung'oa jino, amwambie anameza nini. Na kubwa kuliko yote, asiache ghafla, kwa maana mwili ukiizoea dawa husahau kazi uliyokuwa ukiifanya wenyewe, na ukiinyang'anywa kwa mara moja huanguka. Itapunguzwa polepole, na wa kupunguza ni daktari. Si Warigia, si mumewe, si mchungaji. Mchungaji naye alijaribu. Alimtaka asimame mbele ya kanisa, ashuhudie kwamba amepona, kisha atupe dawa. Warigia alisimama, akashuhudia, akaketi, na dawa akabaki nayo.

Ngozi ikafunga. Njaa ikamjia ya ajabu, akala mpaka Gicheru akacheka. Mashavu yakajaa, uso ukawa duara, shingo ikanenepa kwa nyuma. Daktari alimweleza kinaga ubaga kwamba ule si unene wa afya, ni kazi ya dawa, na dawa ikipunguzwa uso utarudi ulivyokuwa. Lakini nani angewaambia hivyo watu wa Karatina? Kwetu mtu mwenye mashavu ni mtu ambaye mambo yake yamenyooka. Wale wale waliohamisha mikeka wakaanza kuirudisha.

"Warigia, ati unakula nini siku hizi?"

"Nakula dawa."

"Basi nionjeshe."

Walidhani wanaomba kitu kidogo. Na tuseme ukweli, dawa kwetu ni kama chumvi, ikikuishia unapiga hodi kwa jirani. Sharubati ya kikohozi iliyoanzwa na mtoto wa huyu ilimalizwa na mtoto wa yule, na hakuna aliyeona ubaya. Mwenye kuficha dawa ndiye mbaya. Warigia aliwakatalia wote mmoja baada ya mwingine, tena bila kupunguza sauti. Alikuwa ameyaona mauti ana kwa ana, hakuwa na haja ya kumwogopa mwenye kununa.

Kisha akaja Magdaline, na huyo hakuwa wa kukatalia kwa wepesi.

Magdaline alikuwa na binti mmoja tu, Wachuka, mfanyakazi wa kiwanda cha kahawa, mtaratibu, mwembamba. Mwaka huo wa kahawa alipata mchumba, Moffat wa Kerugoya, kijana mwenye pikapu yake mwenyewe. Watu wa Kerugoya walikuwa wametuma ujumbe kwamba wanakuja kuleta mahari. Magdaline aliketi jikoni kwa Warigia, akashika kikombe cha chai bila kunywa.

"Wifi, nigawie hivyo vidonge vyako vya kunenepa."

"Si vya kunenepa. Ni vya kunizuia kuoza."

"Sitaki vingi. Watu wakuje wapate msichana kama ufito, watasema kwetu hatuna chakula."

"Mpe chakula basi. Uko na ng'ombe, uko na ndizi."

"Nampa. Chakula haimshiki."

"Chakula haimshiki na anakohoa tangu mvua ya kwanza. Mama Wachuka, mpeleke Nyeri apigwe picha ya kifua."

Magdaline alitua kikombe. "Hiyo ni vumbi ya kahawa. Na ukitaja hiyo maneno ya kifua mbele ya watu, hakuna atakayemwoa. Unajua hivyo."

"Najua. Mpeleke."

"Nipe vidonge."

"Dawa yangu haigawanywi. Hata ungekuwa mama yangu."

"Wakati ulikuwa unanuka," Magdaline alisema polepole, "ni mimi nilikuosha."

Ilikuwa kweli, na iliuma kuliko malengelenge yenyewe. Warigia alitamani kuinuka amkumbatie. Angempa ng'ombe, angempa shamba la karoti, angempa chochote kilichokuwa ndani ya nyumba ile isipokuwa hicho. Akasema hapana mara ya pili, na wifi yake akaondoka bila kuaga.

Baada ya siku chache Magdaline alirudi akiwa mpole, na nduma zilizochemshwa ndani ya kikapu. Warigia alifurahi mpaka akasahau kushangaa. Kuanzia hapo wifi alikuja mara kwa mara. Waliketi jikoni, wakamenya na kuongea, Warigia akitoka kukamua ng'ombe mwenzake akibaki kuangalia moto. Ndipo vidonge vikaanza kupungua. Kwanza alijilaumu, kisha akamlaumu Gicheru, ambaye aliapa kwa jina la marehemu baba yake kwamba hajagusa. Ikabidi aende Nyeri kabla ya tarehe yake. Daktari hakumgombeza sana, alimpa vingine na kumwambia avifungie. Warigia alinunua kisanduku cha bati na kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni. Na alikuwa wifi yake, jamani, aliyemwosha. Nani angemfikiria?

Warigia hakumwona Wachuka muda wote huo. Msichana alikuwa ameachishwa kazi, anafichwa nyumbani na kulishwa mpaka siku ya wageni, na hilo halikuwa jambo geni.

Siku ya mahari ikafika. Warigia alivuka mto asubuhi na kabichi mgongoni, akakuta wanawake wakimenya viazi na ndizi kwenye uwanja wa nyumba ya Magdaline na mbuzi wakichunwa nyuma ya zizi. Wageni walikuwa wamekwisha kuketi. Msemaji wao alikuwa Muriithi, mjomba wa Moffat, mzee mwenye sauti ya kanisani. Warigia alipita moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma ili amsalimie bibi harusi.

Alifungua mlango akajiona mwenyewe. Mashavu yale yale, uso ule ule wa duara, shingo ile ile, chini ya kitambaa kipya cha kichwa. Chini ya uso huo mikono ilikuwa vijiti. Wachuka alikuwa ameegemea ukuta, midomo imekauka, na kando yake beseni la matapishi. Alikohoa ndani ya kitambaa, akakikunja haraka, lakini haraka hiyo haikutosha kuficha damu.

"Tata," alisema, kama mabinti wa kwetu wanavyomwita shangazi au mke wa mjomba, "miguu inakataa."

Warigia alisukuma dirisha likafunguka wazi, akasimama penye upepo. Magdaline aliingia nyuma yake, akafunga mlango kwa mgongo.

"Nipe ufunguo," akamnong'oneza sikioni, Wachuka asisikie. "Nitume mtu alete vichache tu, asimame. Tangu ufunge kile kisanduku amekuwa hivi. Siku nne hajameza na siku nne anaanguka."

Warigia alielewa yote kwa wakati mmoja, nduma na upole na moto uliokuwa ukiangaliwa. Hasira ilimpanda, akataka kumshika wifi yake koo. Lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko hasira. Walinzi wa msichana walilazwa wakati adui alikuwa tayari ndani, kisha dawa yenyewe ikakatika ghafla. Kila alichokatazwa yeye, mtoto huyu alifanyiwa.

"Aende hospitali sasa hivi," alisema.

"Baada ya uji."

Ndiyo desturi. Msichana huletewa kibuyu cha uji mbele ya pande zote mbili, anakunywa kidogo, anampa baba yake, na kwa kuwa baba wa Wachuka alikuwa amefariki, mjomba wake Gicheru ndiye aliyekalia kiti hicho. Wakishakunywa, neno limefungwa. Kabla ya hapo kila mtu anaweza kuondoka.

"Wakishakunywa hawawezi kurudi nyuma," Magdaline alisema. Alikuwa analia sasa. "Wifi, nakuomba. Anywe tu. Halafu mpeleke hata Nairobi."

"Umeona hicho kitambaa?"

"Ukinitolea maneno mbele ya watu umeniua."

"Mimi siui mtu," Warigia alisema. "Toka mlangoni."

Alitoka hadi uwanjani. Wazee walikuwa wakicheka jambo fulani, na Gicheru alikuwa ameshika kibuyu kwa mikono miwili kama mtu aliyebebeshwa mtoto. Warigia hakukohoa kuomba nafasi wala hakupiga goti.

"Uji haunywewi leo," alisema. "Msichana anakufa ndani. Nataka gari."

Kelele iliyozuka unaweza kuiwazia. Mzee mmoja wa ukoo alimwambia akae chini. Mwingine akauliza tangu lini wanawake wa kabichi wanafunga mikutano. Magdaline alitoka nyuma yake amefuta macho, amenyoosha kitambaa, na kwa sauti ambayo haikutikisika akasema, "Msimsikilize. Msichana ako na njaa ya kungoja tu. Huyu ni wivu. Na zile dawa zake zimempanda kichwani, mnamjua."

Walimjua. Walimjua kwa kunyima watu mkono, kwa kutua vikapu kwenye ua, kwa kunyima majirani dawa. Vichwa vikatikiswa. Warigia aliona wakimwamini Magdaline mmoja mmoja, akajua kwamba akiketi sasa ameketi juu ya kaburi la Wachuka.

"Semeni nina kichaa," alisema. "Semeni nina wivu, nitaitikia. Lakini mmoja wenu aingie kile chumba amwangalie, kisha anitazame mimi aseme hatufanani uso. Huo si unene. Ni dawa yangu. Imefanya kazi yake kwa mtu ambaye si wake, na kifua chake kimeoza."

Kifua. Neno lilikuwa limetoka. Muriithi aliinuka na watu wake wakainuka naye. Gicheru alimtazama dada yake, akamtazama mke wake. Kisha akakiweka kibuyu chini.

Moffat hakuingia kuangalia. Alikimbia kuelekea kwenye pikapu, mjomba wake akimwita, na akairudisha kinyumenyume mpaka mlangoni.

Walimpakia Wachuka mbele na mama yake. Warigia alipanda nyuma, kwenye upepo, akijifunga leso puani, ili wapitie kwake achukue kisanduku cha dawa. Magdaline alimwona. "Hata kukaa na yeye unaogopa," alisema kupitia dirisha.

"Ndiyo, naogopa," Warigia akajibu. "Mwambie kijana aendeshe."

Hospitalini alimwonyesha daktari kidonge kabla ya kutoa salamu. Akamwambia kimemezwa kwa majuma, kikakatika kwa siku nne, na kikohozi ni cha tangu mvua ya kwanza. Daktari, kijana aliyekuwa zamu siku hiyo, alianza kukimbia huku na huko akiita wauguzi. Baadaye alisema kwamba bila kuambiwa juu ya vidonge angetibu kifua peke yake, na msichana angepotea mbele yake akishangaa kwa nini. Wachuka alirudishiwa dawa ile ile, kwa kipimo cha daktari, ili ipunguzwe polepole huku akidungwa sindano za kifua kikuu. Warigia naye akaomba apigwe picha ya kifua upya, kwa kuwa alikuwa amekaribia kikohozi. Hakuomba kwa haya, na walimpiga.

Miezi ilipita. Watu wa Kerugoya walituma ujumbe kwamba wanangoja, bila kusema wanangoja nini. Huku kwetu hawakungoja. Ukoo ulikaa ukaamua kwamba Warigia ameivunja siku ya mahari, amemtaja mtoto wa watu kwa ugonjwa mbele ya wakwe, na amemsingizia wifi yake wizi wa dawa. Atoe mbuzi wa kuchinjwa, mambo yaishe.

Walikuja kwake Jumamosi, wakaketi kwenye viti vya Gicheru. Magdaline alikuja pia, akakaa mwisho wa benchi. Tangu siku ile alikuwa hajamsemesha Warigia neno. Wachuka, aliyekuwa ametoka hospitali juma hilo, alikaa kando ya mama yake. Uso ulikuwa umeanza kurudi mwembamba. Alikuwa akihema kwa shida akipanda mlima, lakini alikuwa ameupanda.

"Mbuzi si mkubwa," mzee wa ukoo alisema. "Hata kabeberu. Ni heshima tu."

"Sitoi."

"Mke wa Gicheru."

"Nimesema sitoi. Mnanidai mbuzi wa nini? Wa kusema? Nitasema tena kesho. Wa kunyima dawa? Njooni mwombe leo, nitawanyima nyote pamoja. Mtu akitaka kununa anune mpaka achoke. Mbuzi wangu atakufa kwa uzee."

Gicheru alifunga macho. Mzee aligeuka kwa Magdaline, akitaka msaada, kwa kuwa ndiye mwenye kudai. "Mama Wachuka, sema. Alikusingizia, ama hakukusingizia?"

Magdaline alitazama mikono yake.

"Niliviiba, nikampa mimi," alisema. "Kila asubuhi. Nilikuwa namwambia ni vitamini, na yeye alikuwa ananiambia asante mama."

Wachuka alimgeukia. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba zile vitamini ndizo vidonge vya Warigia. Hata hospitalini Warigia alikuwa amesema tu kwamba vidonge vimemezwa, hakutaja mkono uliovitoa.

Msichana aliinuka kwa taabu, akashika ukuta. Mama yake alinyoosha mkono kumsaidia, na Wachuka akauangalia mkono ule muda mrefu bila kuushika.